Meno Ambayo Mzee Wandera Hakuwa Nayo

Taaka, wewe na wenzako mliobaki pale studio mliniomba niwaandikie jinsi ya kumtoa mtu kwenye picha ya kikundi bila kumkata sikio. Nitawaandikia. Lakini mtaisoma barua hii mpaka mwisho, maana sikio si kitu. Nimekata masikio ya watu mara mbili katika kazi yangu na yote mawili niliyarudisha. Kitu nilichoshindwa kurudisha ni kingine, na ninyi mnakiona kila asubuhi mkifungua mlango. Kimetundikwa juu ya meza ya Egesa na kinawachekea.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne pale Dabani, kisha ng'ombe wakahitaji mtu na mtu huyo akawa mimi. Kwa hiyo mkikuta maneno yamekaa upande, yanyoosheni wenyewe. Mna vyeti, vifanyeni kazi.

Studio niliingia kwa mlango wa wimbi. Nilikuwa nauza wimbi, ulezi wa uji, Busia, upande wetu wa Uganda, na kivuli pekee kilichokuwa hakina mwenyewe saa nne asubuhi kilikuwa cha ukuta wa Mzee Wandera, mpiga picha. Nilijua iko siku atanifukuza. Siku hiyo akatoka, akasimama juu yangu, akaniangalia nikichambua mawe kwenye ungo.

"Wewe mama, mkono wako hautetemeki?"

"Utetemeke kwa nini? Nimekuibia?"

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kuuona mdomo ule. Juu meno kamili, chini mbele hakuna kitu, pengo la meno sita, na ulimi umekaa pale kama mtu aliyekaa mlangoni kwake. Ninyi watoto wa siku hizi mnadhani wazee wetu Wasamia walioza meno. Hawakuoza. Walipokuwa vijana waling'olewa meno sita ya chini kwa chuma, wamekaa chini, bila sindano ya ganzi, na watu wamezunguka wakitazama kama utalia. Aliyelia alichekwa mpaka mvi. Mzee Wandera hakulia. Aliniambia hivyo labda mara mia, na mara zote mia alifungua mdomo kunionyesha.

"Mtu anayeona jiwe ndani ya wimbi," akasema, "ataona doa ndani ya uso. Weka ungo chini, ingia."

Chumba cha giza kilikuwa na upana wa choo, na harufu yake haikuwa mbali na choo. Mabeseni matatu ya dawa: la kwanza linaitoa picha, la pili linaisimamisha, la tatu linaifunga isiondoke. Taa nyekundu juu. Picha ya kwanza niliyoiona ikitoka majini ilikuwa ya askari wa forodha, na alitoka masharubu kwanza. Nilipiga kelele. Mzee akaniambia nikipiga kelele tena atanirudisha kwenye ungo. Kwa mwezi mzima vidole vyangu vilinuka siki, mume wangu akaniuliza kama siku hizi napika achari za Wahindi.

Vifaa vyangu vilikuwa vitatu. Penseli iliyochongwa mpaka ncha ikawa kama mwiba wa ndimu. Wembe uliovunjwa nusu. Na brashi ambayo Mzee alikuwa ameinyonyoa nywele mpaka zikabaki tatu. Kwa penseli unagusa negativu, ile filamu yenyewe, pale penye chunusi, na ikija kwenye karatasi chunusi haipo. Kwa wembe unakwangua doa jeusi kwenye picha, taratibu, kama unakwangua ukoko wa sufuria ya mtu mwingine. Kwa brashi na wino unaziba penye weupe. Basi. Kazi yote ilikuwa hiyo. Mzee alikuwa amejifunza Tororo, kwa Mhindi aliyekuwa na studio chini ya ule mwamba mkubwa wa mji, na alisema Mhindi naye alitumia vitu vitatu hivyo hivyo.

Kosa langu la kwanza nilimfanyia bibi harusi kutoka Masafu. Alikuja na bwana wake, gauni jeupe, jicho la kushoto limefura kama embe bichi. Kila mtu aliona na hakuna aliyeuliza. Nilikaa na negativu yake siku nzima, nikautoa uvimbe wote, na kama mkono wangu ungefika ningeuhamishia kwa bwana. Nilipomaliza jicho nikaona bado nina nguvu. Kidevuni alikuwa na kovu la moto la utotoni. Nikalitoa nalo. Nikampelekea Mzee picha, nimejishika kiuno.

Aliiangalia kidogo, akaipasua vipande viwili.

"Hilo kovu, alikuambia ulitoe?"

"Si linamharibu sura, Mzee?"

"Linaharibu sura ya nani? Mama yake akiiona picha hii atamtafutia wapi mtoto wake?" Akanirudishia negativu. "Sikia, Mama Nekesa. Kinachopona, toa. Jicho litapona, sisi tunalitangulia tu. Kisichopona, wacha. Hicho ni chake. Hata kama ni kibaya, ni chake."

Nilirudia. Penseli niliyokuwa nimeiweka pale kidevuni niliitoa kwa pamba na mate. Tangu siku ile nimeshika nyuso za watu wengi kuliko mkunga, na sheria yangu ilikuwa hiyo moja: kinachopona, kisichopona. Chunusi, tongotongo, uvimbe, jasho, toa. Kovu, kengeza, chanjo, pengo, wacha. Haikuwa na maandishi ukutani. Ninyi sasa mna ukuta umejaa maandishi, mpaka "karibu mteja" mmeiandika kwa lugha tatu.

Mzee alipochoka miguu alimwachia mwanawe Egesa studio, akarudi kijijini kwake. Egesa akaleta kompyuta. Nilikuwa tayari nina wajukuu. Watu walidhani nitakimbia. Mausi ilinitoroka kama sabuni ya kuogea kwa wiki mbili, halafu ikakaa. Na nikaipenda kompyuta, sitaki kusema uongo. Uso wa mtu unaukuza mpaka jicho moja linakuwa sinia. Unaona kila kitu. Hakuna jiwe linalojificha kwenye wimbi kubwa namna hiyo.

Na hapa mshike vizuri, kwa sababu hiki ndicho Egesa alichokitupa. Nyuma ya kiti changu niliweka benchi. Picha za mazishi ndizo zilizokuwa kazi yetu kubwa, mnajua. Mtu akifa kwetu lazima awe na uso: wa kuwekwa juu ya sanduku, wa fulana, wa bango la getini, wa kile kitabu cha ibada. Wengi hawakuwa na picha yao wenyewe. Wanaletwa na picha ya harusi ya mtu mwingine, yeye amesimama nyuma anashika soda. Basi familia inakaa kwenye benchi, watatu au wanne, mimi natengeneza, wao wanatazama kioo juu ya bega langu. Na wanasema.

"Hapana, sikio lake lilikuwa limelala."

"Hiyo shati muache. Alikuwa anapenda hiyo shati."

"Mama, umemnyoosha sana. Huyu mtu alikuwa mwizi kidogo, muache na macho yake."

Mara moja alikuja mama kutoka Tiira, mwanawe alikuwa mchimba dhahabu. Picha ilikuwa moja tu, vijana wanane mdomoni mwa shimo, matope kuanzia utosini mpaka kwenye kucha, hujui nani ni nani. Nikamkuzia nyuso zote nane, moja baada ya nyingine. Kila mmoja akatikisa kichwa. Nilipofika kwenye miguu akasema, "Simama hapo." Akamtambua kwa goti. Mwanawe alisimama amelegeza goti la kulia tangu utoto. Tukapanda kutoka kwenye goti mpaka kwenye uso, nikaosha matope kwa saa tano, na yeye nyuma yangu ananiambia, shavu lilikuwa limeingia, nyusi zilikutana. Kazi ile haikufanywa na mimi. Ilifanywa na benchi.

Na sikio ni hivi, Taaka, nisije nikasahau. Usianze kukata mbele ya sikio. Anza kwa mtu anayetolewa, si kwa anayebaki. Mfute mwenzake taratibu mpaka ufike kwenye nywele za huyu, halafu simama, pumzika, kunywa chai. Sikio hukatwa na mtu mwenye haraka.

Kisha Egesa akaja na tableti. Redio za Tanzania zinaiita kishikwambi. Mimi niliiita kibao cha Egesa.

"Mama Nekesa, hii kitu itamaliza kompyuta."

"Kompyuta imekukosea nini?"

"Inakula meza, inakula umeme, inakula nafasi. Hapo nataka kuweka kabati ya kioo, ya makava ya simu."

"Na benchi?"

"Benchi ya nini tena? Picha nitawatumia kwa simu zao, waangalie wakiwa kwao."

"Mtu anayelia ataangalia nini kwenye simu, Egesa?"

Akacheka. Ana meno yote, Egesa. "Mama, kama vidole vimezeeka sema tu mapema. Hakuna mtu atakulaumu."

Hapo ndipo aliponishika. Angeniomba, ningekataa. Lakini aliniambia nimezeeka, mbele ya wateja wawili na mwanamke wa kuuza ndizi. Nikaenda na kibao kile nyumbani. Mjukuu wangu Akello, anayesomea unesi na ambaye akili zake hazikutoka kwa baba yake, akanifundisha mimi bibi yake. "Kukhu, usibonyeze kama unaua kiroboto. Gusa." Wiki moja. Siku ya nane nilikuwa namtoa mtu kwenye harusi kwa kidole kimoja huku nakula kwa mkono mwingine. Nikarudi studio nikamwonyesha Egesa, na yule mwanamke wa ndizi nikamwita aje aone pia.

Nitawaambia jambo la aibu: nilikipenda. Kilikuja na kalamu yake, nyembamba, ukiilaza inachora upana, ukiisimamisha inachora unywele. Nilikuwa sijashika kitu kama hicho tangu penseli ya Mzee. Umeme ukikatika Busia nzima, mimi naendelea. Familia ya Dabani ikifiwa, nakwenda na studio ndani ya mkoba wa kanisani. Kompyuta haikuwahi kunifuata matangani. Kwa hiyo Egesa alipoiuza na kulibeba benchi akalitupa nyuma ya choo, mimi nilikuwa hapo. Nilikuwa nakikuna kibao kwa kalamu.

Kabla ya kuiuza alihamisha kwenye tableti picha alizoona za maana. Mzee wake alikuwemo.

Mzee Wandera alikufa msimu wa mvua ndefu. Alilazwa hospitali ya Masafu siku mbili, hakutoka. Na hapo ikaonekana ajabu ya kazi yetu: mtu aliyepiga picha wilaya nzima hakuwa na yake. Kwenye kitambulisho amefumba mdomo kama aliyekamatwa. Iliyobaki ilikuwa moja, na niliipiga mimi. Alikuwa amekuja kutuchungulia baada ya kupona malaria, amesimama mlangoni, nikamwambia, "Mzee, wewe unaogopa kamera kama ng'ombe anavyoogopa sindano." Akacheka, nikapiga. Pengo lote liko nje. Ulimi umekaa mlangoni kwake.

Egesa alinipa kibao asubuhi. Mtu wa mabango, upande wa Kenya, alikuwa anampigia simu kila dakika, fulana nazo zilikuwa zinasubiri. "Mama, nusu saa tu. Toa ndoo, weka mwanga, basi."

Nilitoa ndoo ya plastiki iliyokuwa nyuma yake. Nikatoa kivuli changu mwenyewe kwenye ngazi. Kola ya shati ilikuwa imekunjika, nikainyoosha, maana kola hupona. Yote nilifanya kwa kalamu, vizuri, kama Mzee mwenyewe alivyonifundisha. Uso ukabaki na giza la mlango.

"Bonyeza ile ya nyota," Egesa akasema. "Itaweka mwanga yenyewe."

Kitufe cha nyota nilikijua. Nilikibonyeza kila siku kwa picha za pasipoti za wanawake wanaovuka mpaka, kinang'arisha ngozi, kinafuta jasho, hakijawahi kuniletea kesi. Nikabonyeza. Uso ukafunguka kama dirisha. Niliangalia macho, yalikuwa yake. Niliangalia paji, mikunjo yake ipo. Mdomo sikuuangalia. Kiganja changu kilikuwa kimelala juu yake, kwa sababu kwenye kibao mkono unalala juu ya uso ule ule unaoutengeneza. Kikaniuliza kama nihifadhi. Nikasema ndiyo. Egesa akakichukua mkononi mwangu, picha ikavuka mpaka kabla sijafuta miwani.

Nilikuwa nalia, ndiyo. Sitajificha humo. Nimetengeneza wafu nikilia mara nyingi na wakatoka sawa. Kilichokosekana ni mjane wake kwenye benchi. Mama Egesa alikuwa nyumbani kwake, amekaa kwenye mkeka, na hakuna aliyemtumia hata hiyo ya simu.

Siku ya kuzika nilifika nimevaa fulana yake kama wengine wote, niliivaa gizagiza kwa haraka, sikuitazama. Bango lilikuwa getini, refu kuliko mlango wa kanisa. Nililiona nikiwa mbali, nikaona anacheka, nikafurahi. Nilipokaribia nikasimama. Chini mbele, kwenye ule mdomo, palikuwa na meno sita. Meupe, yamepangwa kama ya mtu wa matangazo ya sabuni ya meno. Kibao kilikuwa kimeona pengo, kikadhani ni doa, kikaziba.

Mbele yangu alikuwa Mzee Ouma, rika lake, na fimbo yake. Yeye alikuwa amesimama pale pale muda mrefu.

"Huyu mnazika ni nani?" akauliza, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri.

Vijana wa kuongoza magari wakamwambia kama babu yao, "Si ni Mzee Wandera, kuka."

"Wandera mimi nakaa na yeye chini siku moja. Chuma ilianza kwa mimi, ikakwenda kwa yeye. Meno yake nilizika na mkono yangu hii, nyuma ya zizi." Akainua fimbo, akaigonga ile picha mdomoni. "Sasa nani amefukua?"

Watu wakacheka. Msiba wetu una vicheko, mnajua, lakini kicheko kile kilitembea kutoka getini mpaka kwenye jeneza, na kila kilipofika watu waligeuka kuangalia fulana zao. Nami nikaangalia yangu. Nilikuwa nimemvaa kifuani, na meno yake. Mama Egesa aliinua kichwa, akaangalia ile iliyokuwa juu ya sanduku, akavuta leso mpaka puani. Hakuifungua tena mpaka tulipomaliza kufukia.

Egesa akashika maikrofoni. Nilidhani ataomba radhi kwa baba yake.

"Wazee wetu, mtusamehe," akasema. "Mama yetu pale studio macho yameanza kuchoka. Si unajua umri."

Watu wakanitafuta kwa macho, wakanipata. Miaka yote ile nilikuwa nyuma ya kamera. Siku moja tu nilitazamwa, na nilitazamwa kwa hilo.

Jumatatu nilimwomba Egesa ile picha ya kwanza. Akatafuta kwenye kibao. Hakuna. Nilipobonyeza ndiyo, mpya ilikalia ya zamani. Kwenye kompyuta niliwahi kuwa na faili yangu, naiita Asili, humo hakuna kitu kinachoguswa kwa penseli wala kwa mausi. Basi nikapanda gari mpaka Tororo kwa mtu aliyenunua kompyuta, ana duka la kuchapa barua. Mashine yangu ilikuwa dirishani, imewekewa kitambaa cha kufuma juu, mwamba unaonekana nyuma yake. Nilijisikia kama nimemkuta ng'ombe wangu kwenye zizi la mtu.

"Kulikuwa na faili inaitwa Asili," nikamwambia.

"Mama, nilifuta vyote siku ya kwanza." Alikuwa kijana wa adabu, alisimama kunijibu. "Pole. Ilikuwa imejaa maiti. Nilikuwa naogopa kuiwasha."

Nikamwambia hawakuwa maiti, walipigwa wakiwa wazima. Akasema pole tena. Nikarudi.

Nilipoingia studio, picha ya meno ilikuwa juu ya meza, kwenye fremu ya dhahabu. Chini yake Egesa ameandika kuwa tunatengeneza wazazi wapendeze.

"Itoe, Egesa."

"Kwa nini? Wateja wanaipenda. Leo tu wamekuja watatu, kila mmoja anataka baba yake awekwe meno."

"Huyo si baba yako."

"Mama Nekesa." Akaweka simu chini, na hilo hakuwa akilifanya kwa kila mtu. "Mimi shuleni walikuwa wananiita mtoto wa pengo. Wacha watoto wangu wamkumbuke hivi. Wanasema babu alikuwa handsam."

Hilo sikuwa nimelijua. Nimelibeba mpaka leo, na bado nasema alikosea. Nilifungua droo yangu. Nikachukua wembe, penseli, brashi ya nywele tatu na chupa ya wino iliyokuwa karibu kukauka. Kibao nilimwachia na kalamu yake. Watu walioniaga kwa keki mwezi huo, ninyi akina Taaka, mlidhani nalia kwa sababu ya keki. Keki ilikuwa kavu.

Sasa nakaa Dabani, nachambua wimbi kwa ajili ya wajukuu, ambao hawajui hata mmoja kuchambua. Wiki tatu zilizopita Mama Egesa akaja. Amepanda bodaboda, umri ule, na kitu bapa kifuani kimefungwa kwenye leso. Hakutaka chai kwanza. Akafungua. Ilikuwa ile ya juu ya jeneza.

"Watoto waliitundika chumbani kwangu," akasema. "Naamka, mtu huyu ananiangalia. Sijaolewa naye. Nirudishie mdomo."

"Mama Egesa, ile ya kweli ilipotea. Mimi ndiye niliyeipoteza."

"Sikuuliza nani."

"Na mkono sasa unatetemeka."

"Wangu pia. Fanya."

Karatasi za siku hizi zimepakwa plastiki, wino haushiki, unakimbia kama maji kwenye jani la mgomba. Ilibidi kwanza niikwangue plastiki kwa wembe, jino baada ya jino. Mama Egesa hakukaa mbele yangu. Alivuta kigoda akakiweka nyuma, begani kwangu, pale pale benchi lilipokuwa.

"Hilo la pembeni alikuwa nalo. Liache."

"Hili?"

"Hapana, hilo lingine. Na ulimi. Ulikuwa unakaa upande huu."

Jino la tatu wembe uliteleza ukatoboa karatasi. Nikaendelea. Nikaloweka brashi, nikaziba weupe kwa weusi, na wino ulipofika pale nilipotoboa ukanywewa, ukasambaa mpaka kidevuni kama mtu aliyekunywa uji akiwa anacheka. Kazi mbaya. Mwanafunzi angeniletea kazi ile ningeipasua vipande viwili.

Nikampa. Akaishika mbali, akaisogeza karibu, akaishika mbali tena.

"Nimeiharibu," nikasema.

"Nyamaza wewe."

Akaifuta kidevu kwa ncha ya leso, wino ukazidi kusambaa, hakujali. Kisha akasema, lakini si kwangu, akiiangalia ile picha:

"Na wewe, ulikuwa umekwenda wapi?"